VAR (refa wa video) imeboresha mpira au imetuharibia raha? Mimi imenilipisha zege la watu

Mnyama Mpole
Wakuu habari za jioni.

Naleta hii mada nikiwa na uchungu wa kweli. Mnakumbuka Mei 25, 2025, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco pale Amaan Zanzibar. Nilikuwa kibanda umiza huku Mbagala, tumebanana mpaka mlangoni, feni moja na yenyewe inawapulizia waliokaa mbele tu. Kule kwao tulishapigwa 2-0 kwa iyo tunatafuta mbili angalau tuwe sawa. Mutale kaweka ya kwanza dakika ya 17, banda likalipuka. Kipindi cha pili tukabaki pungufu, watu kumi, bado tunakomaa, mara Mukwala huyo kambani. Mbili!! Niliruka sijui niliendaje, mkono ukapiga sahani ya jamaa aliyekaa pembeni yangu wala simjui, zege lote, chipsi mayai yake, chini kwenye vumbi na kachumbari yake. Jamaa hata hakukasirika, tukakumbatiana, anarukaruka juu ya zege lake mwenyewe.

Halafu refa kashika sikio.

Banda zima kimya, unasikia feni. VAR, kuotea, goli hakuna. Jamaa akaangalia chini, akaniangalia mimi, akasema taratibu kabisa "kaka, zege langu elfu tatu". Nikalipa. Mwisho wakasawazisha 1-1 kombe likaondoka.

Tangu siku iyo goli likiingia sishangilii, naangalia kwanza kibendera, halafu naangalia sikio la refa. Ivi hii kitu ilikuja kutusaidia au kutuulia raha? Mimi nasema imeharibu. Nipingeni kwa hoja sio matusi.

Kandambili Kushoto
Hapo kwenye "anarukaruka juu ya zege lake mwenyewe" nimecheka mpaka dereva wa daladala kageuka 😂😂

Ila mtani tuseme ukweli, hasira ya kukosa kombe umekuja kuimwagia VAR. Mtu kaotea, mtambo umeona, goli limefutwa. Ulitaka mpewe goli la wizi ili wewe uokoe elfu tatu?

Mnyama Mpole
Soma vizuri mkuu, wapi nimesema hakuotea? Ninacholalamikia ni zile dakika za kusubiri. Zamani kibendera kikipanda umejua, unakaa chini na zege la watu salama.

Mwananchi wa Tandika
Makolo, nyie Simba, mna bahati mbaya za kawaida, za kweli tunazo sisi Yanga. Ile ya Sundowns ya Afrika Kusini hapo kwa Mkapa, Aziz Ki kapiga shuti likagonga mtambaa panya kwa chini likadunda ndani, kila mwenye macho kaona, VAR ipo uwanjani na goli tukanyimwa. Kwa iyo mtoa mada uko sahihi kwa sababu isiyo sahihi. VAR haina shida kwa kuwa inachelewa, shida yake ni kwamba inaona inachotaka kuona.

Fundi Dishi
Mwananchi nirekebishe kidogo. Kwa Mkapa ilikuwa mechi ya kwanza, Machi 30, 2024, 0-0. Shuti la Aziz Ki lilikuwa marudiano kule Pretoria, Loftus, Aprili 5. Nayo ikaisha 0-0, wakatutoa kwa penalti 3-2. Refa Dahane Beida wa Mauritania.

Na kuna kitu watu wanachanganya mpaka leo. VAR na teknolojia ya mstari wa goli ni mitambo miwili tofauti. Ile ya mstari ina kamera zake zinazolitazama goli tu, mpira ukivuka wote saa ya refa inatetema mkononi, hakuna mjadala. Ilipitishwa 2012 na Kombe la Dunia 2014 ikatumika. Pretoria haikuwepo. Kulikuwa na VAR ya kawaida, yani mtu kakaa mbele ya runinga anaangalia marudio yale yale uliyoangalia wewe. Kamera ikiwa imekaa kona mbaya na yeye anaona vibaya kama wewe.

Mwananchi wa Tandika
Sawa Pretoria, ulimi uliteleza. Goli ni goli hata likifungwa Kigoma.

Chungwa la Muheza
Fundi Dishi kaongea jambo. Nyie mnaosema "kila mwenye macho kaona" fanyeni hivi, chukua chungwa liweke ukingoni mwa meza, nusu linaning'inia nje. Ukikaa kwenye kiti utaapa limetoka mezani. Inuka simama ulitazame kwa juu, bado lipo. Sheria inataka mpira WOTE uvuke mstari wote, na mpira ni duara, tumbo lake linabaki juu ya mstari hata kama pale unapogusa majani umeshatoka.

Ndicho kilichotokea Japan na Hispania, Kombe la Dunia Qatar 2022. Mitoma kaurudisha mpira, Tanaka kafunga, picha za pembeni zote zinaonyesha umetoka nje, ila ya juu ikaonyesha umebaki kama milimita mbili tu. Goli likakubaliwa, Japan akashinda 2-1, Ujerumani akafunga virago kwa ajili ya chungwa.

Sisemi Aziz Ki hakufunga. Nasema macho yako ya kwenye kiti siyo ushahidi.

Mwananchi wa Tandika
Kwa iyo unanifundisha mpira kwa chungwa. Haya.

Mzee wa Mkulima
Vijana shikamooni ya kinyume maana hamjaamkia wazee 😀. Mimi nilikuwa kijana 1986, Juni 22, Maradona kampiga Mwingereza bao la mkono pale Azteca. Mwamuzi alikuwa Mwafrika mwenzetu, Ali Bennaceur wa Tunisia, hakuona. Kama dakika nne mbele yule yule Maradona akawapita Waingereza kuanzia katikati ya uwanja akaweka la pili. Sasa niambieni, VAR ingekuwepo lile la kwanza lingefutwa, Waingereza wangepata nguvu, je lile la pili tungeliona? Karibu miaka 40 tunasimulia kwa sababu hakukuwa na VAR. Mpira ni hadithi, mkiusafisha sana unabaki hesabu.

Dada wa Nyuma ya Goli
Shikamoo mzee. Ila hiyo hadithi ni tamu kwa Argentina. Nenda kawasimulie Waireland ile ya Novemba 2009, Henry kaudhibiti mpira kwa mkono, mara mbili, kampa Gallas kafunga, Ireland wakakosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Au Lampard wa Uingereza 2010 pale Bloemfontein, mpira umeingia ndani hatua nzima, kipa Neuer kautoa kauendeleza kama hakuna kitu. Aliyeibiwa hasimulii hadithi, anasimulia wizi.

Mzee wa Mkulima
Marahaba. Umenifunga hilo.

Mkeka Umechanika
Mimi niko upande wa mtoa mada ila sababu yangu ni hela. Septemba 30, 2023. Mkeka wa kubeti wa timu saba, sita zimeitika, imebaki Liverpool tu asifungwe na Tottenham. Luis Díaz kafunga, kibendera kikapanda, chumba cha VAR wakachora laini yao wakaona hajaotea, goli halali kabisa. Halafu wakafanyaje? Wakamwambia refa "tumemaliza kukagua" wakidhani uwanjani alishatoa goli! Refa akaelewa basi kuotea kumethibitishwa, mpira ukaendelea. Sauti zilitolewa baadae, unamsikia yule wa kuendesha marudio anawauliza ivi mna uhakika, jamaa ndo anashtuka, anasema siwezi kufanya kitu tena. Dakika ya 96 Matip akajifunga, 2-1.

Mtambo uliona sawa. Laini ilichorwa sawa. Midomo ya watu ndo ilipishana. Mimi nilikuwa nimeshaahidi kodi ya nyumba.

Kandambili Kushoto
Kodi ya nyumba kwenye mkeka wa timu saba 🤦🏾‍♂️ wewe tatizo lako siyo VAR

Mkeka Umechanika
Niache mkuu kidonda bado kibichi

Fizikia ya Mtaa
Naona wote mnaamini iyo laini kama msahafu. Ngoja niwape hesabu ya darasa la saba. Kamera ya kawaida ya matangazo inachukua picha 50 kwa sekunde. Straika anayekimbia kilomita 36 kwa saa anakula mita 10 kila sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata kashasogea sentimita 20. Sasa mpira umeachia mguu wa mpigaji pasi kwenye picha ipi, ya kwanza au ya pili? Labda katikati, ambapo hakuna picha. Halafu mtu anakuja kumfuta mwenzake goli kwa kwapa lililozidi sentimita 3! Ni sawa na kupima dhahabu kwa mzani wa gunia la mahindi.

Fundi Dishi
Iyo ilikuwa kweli kwa laini za kuchora kwa mkono, Fizikia. Qatar waliweka kamera 12 chini ya paa, zinafuata pointi 29 kwenye mwili wa kila mchezaji, na ndani ya mpira kuna kihisi kinatuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Kwa hesabu yako hiyo hiyo sentimita 20 zinakuwa 2. Uingereza na wenyewe walianza kutumia mtambo wa kuotea wa aina iyo Aprili 2025.

Fizikia ya Mtaa
Nakubali ya Qatar. Sasa hesabu viwanja vya Afrika vyenye paa la kufungia kamera 12.

Wa Kasarani
Hamjambo huko Bongo. Niseme ya Kenya. CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ilipokuja kwetu Agosti 2025 nilienda Kasarani na kijana wangu wa miaka tisa, mara yake ya kwanza uwanjani. Shida ya VAR kwangu haikuwa kuotea wala nini. Refa anasimama, anagusa sikio, elfu na elfu ya watu tumesimama hatujui ni nini kinakaguliwa. Kijana ananiuliza "baba wanaangalia nini?" namwambia sijui. Kando yangu jamaa anampigia bibi yake simu nyumbani amwambie TV inasema nini! Umelipa tiketi, umekaa jua lote, na aliye kwa kochi anajua kukuliko. Hiyo ndio kuharibu.

Dada wa Nyuma ya Goli
Hii ya Wa Kasarani ndo hoja nzito kuliko zote humu na haina uhusiano na usahihi wa mtambo. Dawa yake ipo, Kombe la Dunia la wanawake 2023 refa alikuwa anashika maiki anatangaza uwanja mzima kaamua nini na kwa nini. Unaweza kukasirika ila unajua unakasirikia nini.

Baridi ya Trondheim
Nawasalimu kutoka Norwe, naosha vyombo na kufuatilia uzi. Huku walikataa kwa vitendo. Julai 2024 mechi ya Rosenborg na Lillestrøm mashabiki walirusha vikababu vya samaki uwanjani, vile vya mviringo, pamoja na mipira ya tenisi, kupinga VAR. Refa akasimamisha, wakarusha tena, mpaka mechi ikavunjwa. Januari 2025 klabu zikapiga kura, 19 zikasema iondoke, 13 ibaki. Machi mkutano mkuu wa shirikisho ukasema hapana, inabaki. Majirani zao Waswidi wao hawakuiingiza kabisa, klabu kule zinamilikiwa na wanachama, wanachama wakasema hatutaki.

Hoja ya wenzangu huku siyo makosa. Wanasema goli ni ile sekunde moja, ukiichukua umechukua mpira wote. Yani ni zege la Mnyama Mpole kwa Kinorwe.

Mnyama Mpole
Kababu za samaki!! Huku kwetu nani arushe chakula, tungezikusanya.

Kandambili Kushoto
Wewe ndo wa kusema hivyo? Ulimwaga zege la mtu

Kibendera Mstaafu
Nimesoma yote kimya kimya. Nilishika kibendera miaka kumi na moja, madaraja ya chini na mechi za mchangani, naomba niseme kidogo na upande wetu.

Kuna mechi moja ya robo fainali ya mtaa, sitaji wapi. Uwanja hauna uzio, watu wamesimama kwenye chaki kabisa, mimi nakimbia kwenye njia ya upana wa kanga. Mpira mrefu ukapigwa, straika wa wenyeji kachomoka. Ili uone kuotea inabidi uwe umelingana na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda, kipa akihesabiwa, kwa kawaida ni beki, na wakati huo huo umuone mpigaji yuko mita 40 kulia kwako. Macho mawili, sehemu mbili. Sisi tulikuwa tunafundishana kusikiliza, unamtazama beki, sikio linasubiri "pu" ya mguu. Siku iyo ngoma za ushangiliaji ziko mgongoni, sikusikia pu. Nikanyanyua kibendera. Goli likafutwa. Usiku nalala naona ile picha, hakuotea yule kijana. Alikuwa nyuma ya beki.

Nilitolewa uwanjani nimejificha kwenye bajaji, nimefunikwa turubai kama kuku wa magendo. Jiwe moja lilinipata hapa begani, mpaka leo masika yakianza panauma.

Kwa iyo mnaposema VAR inaua raha nawaelewa. Ila mimi siku ile ningekuwa na mtu wa kuniambia sikioni "shusha kibendera, yuko sawa" ningempa hata posho yangu yote.

Dada wa Nyuma ya Goli
Pole sana kaka. Hii hatuifikiriagi.

Mwananchi wa Tandika
Pole mkuu. Ila posho ilikuwa shingapi 😅

Kibendera Mstaafu
Elfu kumi na soda. Soda sikuinywa.

Fizikia ya Mtaa
Kibendera naheshimu, lakini wewe umeleta mfano wa VAR inayofanya kazi. Mimi nawakumbusha ile ya Radès, Tunisia, Mei 31, 2019, fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Espérance, wenyeji, anaongoza 1-0, El Karti wa Wydad ya Morocco kasawazisha, kibendera kikapanda. Wydad wakasema twende VAR. VAR mbovu, haifanyi kazi! Wydad wakagoma kucheza, wamesimama zaidi ya saa nzima, refa Gassama akamaliza, Espérance akapewa kombe. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya michezo. Fainali hiyo! Sasa kibendera kikikosea na hakuna VAR, tunasema bahati mbaya twende. VAR ikiwepo halafu imekufa, kila mtu anaona kahujumiwa. Ahadi isiyotimia inauma kuliko kutoahidiwa.

Fundi Dishi
Na Ulaya pia inakufa. Juni 2020 Aston Villa na Sheffield United, kipa Nyland kaingia na mpira ndani ya goli kabisa, saa ya refa kimya. Mtambo wa mstari ulishindwa kuona maana watu walikuwa wameziba kamera. VAR nao hawakuingilia. 0-0. Villa msimu ule alinusurika kushuka kwa pointi moja, hesabuni wenyewe.

Mkeka Umechanika
Fundi wewe unatetea au unapinga? Sikuelewi toka juu

Fundi Dishi
Mimi narekebisha tu.

Chungwa la Muheza
Kwangu wote mnagusa pembeni. Kuotea ni hesabu, kuna siku itaisha. Mkono je? Fainali ya Kombe la Dunia 2018 Ufaransa na Croatia, Perišić wa Croatia mpira umemgonga mkononi kwenye kona, refa Pitana kaenda kuangalia runinga, karudi kuangalia tena, katoa penalti, Griezmann kaweka. Ilikuwa 1-1 ikawa 2-1, ikaisha 4-2. Watu wanabishana mpaka leo na picha ziko safi kabisa! Kamera haiwezi kukwambia alikusudia au hakukusudia. Halafu ukipunguza mwendo wa picha kila mkono unaonekana wa makusudi na kila faulo inaonekana ya kuua. Rekebisheni sheria kwanza, mtambo baadae.

Wa Kasarani
Chungwa hapo umegonga. Na hiyo wanayosema kwamba VAR inaingilia "kosa la wazi na dhahiri" tu, kama ni wazi mbona mnaangalia dakika nane? Bournemouth na Wolves kwa FA Cup, Machi 2025, goli la Kerkez, dakika nane mzima! Kama inachukua dakika nane siyo wazi.

Baridi ya Trondheim
Na Wolves hao hao Juni 2024 walipeleka hoja VAR ifutwe Ligi Kuu ya Uingereza. Kura zikawa 19 kwa 1. Yule mmoja ni wao wenyewe.

Kandambili Kushoto
Walibaki kama Mnyama Mpole na zege lake 😂

Dada wa Nyuma ya Goli
Kuna njia ya katikati hamjaigusa. FIFA wamejaribu mfumo wa bei rahisi, mwaka 2024 kwenye Kombe la Dunia la wasichana U-20 kule Colombia na U-17 kule Jamhuri ya Dominika. Hakuna chumba wala jeshi la watu. Kocha ana nafasi mbili kwa mechi, akiona kaonewa anaomba, refa anaenda kuangalia mwenyewe pembeni ya uwanja. Akiwa sahihi nafasi yake haipotei, akikosea imekwenda. Kwa ligi zetu zenye kamera nne tano hii inafaa kuliko kuota ya Qatar.

Kibendera Mstaafu
Hiyo naiunga mkono. Na kocha atakoma kutukana, maana akitukana tu unamwambia omba basi.

Fizikia ya Mtaa
Makocha wa kwetu? Nafasi zote mbili zitaisha dakika ya 3 kwenye mpira wa kurusha.

Kandambili Kushoto
Mpira wa kurusha hauombwi we Fizikia, ni goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake

Fizikia ya Mtaa
Najua. Wao ndo hawatajua.

Sahani Tupu
Samahani wakuu nimechelewa, nimetumiwa uzi huu na mshkaji. Mnyama Mpole, iyo Mbagala ni banda lililo nyuma ya mashine ya kusaga? Maana mimi ndo mwenye zege.

Mnyama Mpole
Usinitanie. Kama ni wewe kweli nilikulipa hela gani, noti au sarafu?

Sahani Tupu
Noti mbili na jero mbili za sarafu. Ila mbona kwenye uzi hujasema kulikuwa na mishkaki miwili juu ya lile zege? Elfu tatu ilikuwa ya zege peke yake.

Mnyama Mpole
Hapana hapana. Mishkaki ulishakula kipindi cha kwanza, niliona vijiti.

Mwananchi wa Tandika
Hii sasa iende kwenye marudio 😂😂😂

Sahani Tupu
Vijiti vilikuwa vya jamaa wa mbele. Muulizeni mwenye banda.

Fundi Dishi
Mwenye banda alikuwa mlangoni, kona mbaya.